Dawa Ina Saa Zake

"Mara tatu kwa siku." Maneno haya huandikwa kwenye bahasha ya dawa, na wengi wetu huyafasiri kuwa staftahi, chamcha na chajio. Lakini anayemeza kapsuli saa mbili usiku, kisha nyingine saa moja asubuhi, amekaa saa kumi na moja bila dawa.

Nyumbani kwangu tunahesabu saa: kumi na mbili alfajiri, nane mchana na nne usiku. Binti yangu, aliye mwanafunzi wa sekondari, alipougua sikio alinung'unika akitaka kujua sababu. Nilimweleza hivi.

Chukua amoksilini, dawa inayojulikana karibu katika kila nyumba. Asidi ya tumbo haiiharibu, ndiyo maana huweza kumezwa hata baada ya kula. Kuta za utumbo mwembamba huifyonza na kuipitisha katika damu, na baada ya saa moja au mbili huwa imefikia kilele chake. Bakteria wanapojenga kuta zao ili wazaane, dawa huuvuruga ujenzi huo nao hupasuka.

Figo nazo hazilali. Kwa mtu mwenye figo nzima, dawa iliyo katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya muda wa saa moja hivi. Sehemu yake huvunjwavunjwa mwilini, lakini takriban asilimia 60 hutoka katika mkojo kwa muda wa saa sita hadi nane, ikiwa bado dawa kamili.

Mwaka wa 1941 huko Oxford, Uingereza, madaktari walimtibu polisi Albert Alexander kwa penisilini, ambayo ni jamaa ya amoksilini. Dawa ilikuwa adimu mno hata wakawa wanakusanya mkojo wake, wanaitoa penisilini iliyomo na kumdunga tena. Alipata nafuu. Kisha dawa ikaisha, maradhi yakamrudia, akafariki.

Sisi dawa tunayo kabatini. Anayeruka saa zake, anayeacha kumeza kabla ya siku alizoagizwa na daktari kwisha, au anayemgawia jirani kapsuli mbili za mafua, ilhali mafua ni ya virusi na dawa hii haiwadhuru, anajiletea kwa mkono wake uhaba uleule uliomuua polisi yule.