Kubanwa kwa Kiasi

Pafluoropentani ni kimiminika kinachochemka kwenye nyuzijoto 29. Mwili wa mtu una 37, kwa hiyo mtu angetarajia kigeuke gesi mara tu kinapodungwa mshipani. Lakini kikigawanywa kuwa matone ya nanomita 200 au 300, kila tone likavikwa utando mwembamba wa mafuta, hakichemki. Uso wa tone hulikaza, na kadiri lilivyo dogo ndivyo linavyokazwa zaidi. Tena ndani yake hakuna pa kiputo kuanzia. Husafiri na damu hivyo hivyo hadi mawimbi ya altrasaundi yalipige pale daktari anapotaka. Hapo hufumuka, kipenyo chake kikawa mara tano hivi ya awali, nalo likaonekana kwenye skrini.

Viputo vilitangulia. Mwaka 1968 Gramiak na Shah, huko Rochester, Marekani, walieleza jinsi sindano iliyodungwa karibu na moyo ilivyorudisha mwangwi mkali, uliotokana na viputo. Leo viputo hutengenezwa makusudi, ila hudumu dakika chache tu, na ukubwa wake huvifungia ndani ya mishipa. Tone dogo linaweza kupenya kwenye nyufa za mishipa ya uvimbe wa saratani.

Kinachowasumbua watafiti ni kiasi. Pafluoroheksani, inayochemka kwenye nyuzi 56 hivi, hutulia vizuri, lakini kuiamsha kunadai mawimbi makali yanayoweza kuumiza tishu. Dekafluorobutani huchemka chini kidogo ya sifuri: huamka upesi, na baadhi ya matone yake hufumuka yenyewe kabla ya kufika. Ndiyo maana wengine huchanganya vimiminika, wakitafuta tone linalovumilia safari na bado likaitika kwa wimbi la upole.

Katika malezi nako suala ni kiasi, lakini tunabishana kana kwamba ni kubana au kuachia tu. Nadhani tunawaonea vijana kwa njia zote mbili. Yuko tuliyemkaza hata akihitaji kupigiwa kelele ndipo atoe wazo lake, na yuko tuliyemsifu mapema mno, akamaliza nguvu zake njiani.

Binti ninayemwongoza maabara ana matokeo mazuri na anataka kuyapeleka mkutanoni. Nimemwomba ayarudie kwanza ndani ya damu, maana mpaka sasa matone yake yamejaribiwa kwenye maji tu. Amekasirika kidogo, na ana haki. Damu ikikubali, atasimama jukwaani mwenyewe, na maswali atayajibu yeye.