Miwani inakula macho? Muulizeni mama yangu

Msomaji wangu, kuna kipindi mtaani kwetu Temeke nilijulikana kwa maringo. Nilikuwa nampita shangazi njiani bila kumwamkia. Halafu kuna kaka mmoja alinipungia mkono kituoni wiki nzima, mimi kimya. Watu wakasema yule binti anajidai. Wala! Nilikuwa siwaoni. Mtu akisimama hatua kumi mbele yangu, ni ukungu uliovaa nguo.

Nilipimwa nikiwa kidato cha pili, nikaambiwa sioni mbali, namba toa moja na nusu. Mama alilipia miwani, ila akanipa sharti: darasani vaa, ukitoka vua, maana miwani inakula macho. Wenzangu nao wakanisaidia kutii kwa kuniita Macho Manne. Miwani ikahamia kwenye mkoba. Hesabu za ubaoni nikawa nanakili kwa jirani, na makosa yake humo humo. Kidato cha nne hesabu nilipata F. Nilipopimwa tena, namba imefika toa tatu. Mama akapiga makofi: "Si nilikwambia mimi?"

Nikamwamini. Mpaka mwezi uliopita, mdogo wangu wa darasa la sita aliporudi na barua ya mwalimu kwamba apelekwe kupimwa macho. Mama akaikunja, akaiweka chini ya godoro. Nikaona F nyingine hiyo inakuja nyumbani. Ndipo nilipoanza kuulizia na kusoma.

Kumbe jicho la asiyeona mbali mara nyingi limerefuka kupita kiasi. Picha inaishia njiani kabla ya kufika kwenye pazia la nyuma ya jicho, na kazi ya lenzi ni kuisogeza mpaka itue panapotakiwa. Namba inapanda kwa sababu jicho la mtoto linaendelea kurefuka. Kiatu chako cha darasa la tatu hakikutoshi leo, lakini nani anasema kiatu ndicho kilichokuza mguu?

Na ile ya kubania miwani ilishajaribiwa. Kule Kuala Lumpur, Malaysia, walichukua watoto 94 wa miaka 9 hadi 14. Wengine walipewa namba kamili, wengine pungufu kwa makusudi. Ripoti ilitoka mwaka 2002: baada ya miaka miwili, wa namba kamili walizidi kwa wastani wa 0.77, wale wa pungufu 1.00. Tafiti nyingine zilikuja na majibu tofauti, lakini mtoto asiyeona ubao hangoji wakubwa wamalize ubishi.

Ila mama hakukosea yote. Lenzi kweli inaweza kubadili mwendo wa jicho, tena kwa uzuri. Hong Kong walitengeneza lenzi za watoto zenye duara safi katikati, pembeni zimejaa vilenzi vidogo vidogo. Ripoti ya mwaka 2020 ilisema kwa miaka miwili kasi ya kuzidi ilipungua kwa karibu nusu. Na lipo la bure kabisa: Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo walikuwa 30 kwa kila 100, kwenye shule nyingine karibu 40. Hiyo ilitangazwa mwaka 2015. Kwa hiyo mzazi, mwache mtoto akacheze rede!

Jumamosi nilimweleza mama yote haya. Akanisikiliza akichambua mchicha, kimya. Mwisho akasema: "Haya, lakini akilala avue." Akaingia ndani, akatoka na barua.

Dogo sasa ana miwani. Siku ya kwanza tu alinivuta mkono kituoni: "Dada, ile pale ya Gongo la Mboto!" Mimi hata daladala lenyewe nilikuwa sijaliona. Nikafungua mkoba, nikavaa yangu.

Shangazi, shikamoo. Na wewe kaka wa kituoni, kama bado upo, punga tena. Safari hii nitakuona.