"Hali Imetulia" Kwa Nani?

Kuna maneno mawili ambayo kila mtu wa huku Malindi anayajua kwa moyo: "hali imetulia." Mkubwa fulani akishayasema mbele ya kamera, waandishi wanakunja nyaya zao, magari yanarudi Mombasa na Nairobi, na Pwani inatoka kwenye habari mpaka siku nyingine ya risasi. Mimi leo nina neno moja tu. Kwetu sisi, habari inaanza pale wao wanapoifunga.

Chukua mwaka 2014. Mwezi Mei Uingereza iliwaonya raia wake wasiende Mombasa bila sababu ya lazima, na kampuni za Thomson na First Choice zikawabeba wageni wao kwa ndege zikawarudisha kwao. Usiku wa Juni 15 wauaji wakaingia Mpeketoni, kaunti ya Lamu. Watu kama 60 wakauawa pale na vijiji vya karibu. Al-Shabaab wakasema ni wao. Rais Uhuru Kenyatta akasema ni mitandao ya wanasiasa wa hapa hapa. Basi redioni ikawa ni kubishana tu, nani kasema kweli.

Sasa njoo nyumbani kwetu. Mjomba wangu alikuwa akitandika vitanda kwenye hoteli moja ya ufukweni. Mpeketoni hajawahi kufika, Mto Tana hajauvuka mpaka leo. Aliambiwa akae nyumbani kidogo mpaka wageni warudi. Hiyo "kidogo" ikawa mwaka na zaidi, halafu hoteli yenyewe ikafungwa. Binamu yangu alikuwa kidato cha pili. Karo ikakosekana, akarudishwa nyumbani, na shule ikawa ndiyo basi. Juni 2015 Uingereza ikalegeza onyo lake, tukasikia utalii unarudi. Ulirudi, lakini kwa baadhi. Binamu leo anaendesha bodaboda ya mkopo. Simlinganishi na mtoto aliyeuliwa baba yake usiku ule, hapana, hayo ni mengine. Ila ile risasi na yeye ilimfikia. Ilichelewa tu.

Na wavuvi wa Lamu je? Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, na Oktoba mwaka huo jeshi la Kenya likaingia Somalia. Ukaja usalama wa baharini: kuvua usiku marufuku, kwa miaka. Anayejua bahari anajua kuna samaki wa mchana na samaki wa usiku, na huwezi kumwamrisha samaki abadilishe saa zake. Wakati huo huo bandari mpya ikawa inachimbwa, matope yanafunika sehemu walizozoea kuvua. Mwaka 2018 Mahakama Kuu hapa hapa Malindi ikaamua wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya mradi ule. Mei 2021 gati ya kwanza ikafunguliwa kwa shangwe. Ukitazama habari za miaka hiyo utaona marufuku imewekwa ukurasa wa usalama na bandari ukurasa wa uchumi. Lakini mvuvi ni yule yule mmoja, na wavu wake ni ule ule.

Ndiyo maana huwa nafuatilia habari za kusini mashariki mwa Uturuki, pande za Diyarbakır wanakokaa Wakurdi. Jamaa zangu wananicheka, ati kwani kuna nini huko? Huko PKK na serikali walianza kupigana 1984. Katikati ya vita serikali ikajenga mabwawa makubwa kwenye mito ya Frati na Tigri, ikisema maendeleo ndiyo yataleta utulivu. Mwaka 2020 mji wa kale wa Hasankeyf ukafunikwa na maji ya bwawa la Ilısu, watu wakiwa wameshahamishwa. Mei 2025 PKK wakatangaza wanavunja chama chao na kuweka silaha chini. Dunia ikapiga makofi, na ni haki. Lakini wa Hasankeyf arudi wapi, mji uko chini ya maji?

Sisi si Wakurdi, na hatukupigana vita vya miaka 40. Ila lugha ambayo serikali inazungumza na mikoa ya mbali inafanana mno. Kwanza kikosi, halafu mradi, halafu utepe unakatwa. Mwenyeji anaulizwa mwisho, kama anaulizwa.

Na hapa ndipo tunafika kwenye ardhi, manake huku Pwani huwezi kuikwepa. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka mtu ajitokeze kudai ardhi ya mwambao ndiyo iandikwe jina lake. Wamijikenda wengi waliachwa nje, wakaamka siku moja wakiwa maskwota pale walipozikwa babu zao. Zaidi ya miaka mia baadaye vijana wakaandika ukutani "Pwani si Kenya." Serikali ikapiga marufuku MRC mwaka 2010, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo 2012. Mimi sitaki kujitenga, na damu iliyomwagwa Kilifi na Mombasa usiku wa kuamkia uchaguzi wa Machi 4, 2013, haina utetezi wowote. Lakini tuulizane: baada ya misako na kesi zile zote, skwota wangapi walipata hati? Maandishi ukutani yalipakwa rangi. Kilichoyaandikisha bado kipo.

Halafu kuna Chakama, hapa Kilifi kwetu. Novemba 2018 dada wa Kiitaliano, Silvia Romano, alitekwa huko. Helikopta zikaruka, vikosi vikaingia msituni. Aliachiliwa Mei 2020 huko Somalia. Yalipoisha, pande zile zikasahauliwa. Aprili 2023 dunia nzima ikajua jina Shakahola, msitu wa pande hizo hizo, na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa humo. Vikosi vilivyofundishwa kutafuta mtu mwenye bunduki havikuona watoto wanaokufa njaa. Kwenye vitabu vyao hali ilikuwa imetulia.

Kwa hiyo ndugu zangu, siku nyingine mkubwa akisema yale maneno mawili, msimpigie makofi haraka. Muulizeni mambo matatu. Nani hajarudi kazini? Mtoto gani hajarudi shuleni? Nani bado analima ardhi ya babu yake bila karatasi? Na waandishi, nawaomba, mje tena baada ya miezi sita. Hakutakuwa na moshi wala ving'ora, mtatukuta tumekaa tu barazani. Habari yenyewe ndiyo hiyo.

Kama majibu hayapo, basi semeni tu ukweli: bunduki zimenyamaza. Kutulia ni kitu kingine.