Aliuawa kwa Sababu ya Jina Tu

 Mwezi huu tunaomba tuongee kidogo juu ya mashairi ya zamani ya Kiingereza. Msishangae, yanatuhusu sana.

Karibu mwaka 1599, Shakespeare wa Uingereza aliandika mchezo wa Julius Caesar, sehemu kubwa kwa mashairi. Mwalimu Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili, ukachapishwa mwaka 1963. Ni Mwalimu huyo huyo aliyesimamia mazungumzo ya amani ya Burundi mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999.

Mwanzoni mwa mchezo tunakutana na watu wa kawaida wa Roma, seremala na fundi viatu, wanashangilia sikukuu. Baadaye Caesar anauawa, hotuba zinatolewa, watu wanachochewa. Kundi linamkamata mshairi mmoja njiani, linamuuliza jina. Anasema anaitwa Cinna. Bahati mbaya, mmoja wa waliomuua Caesar naye ni Cinna. Anajitetea kwamba yeye si yule, yeye ni mshairi tu. Wameshamsikia, lakini wanamvamia hivyo hivyo. Jina linatosha.

Nani kati yetu hajaulizwa jina ama kabila njiani? Hapa karibu, Gatumba, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi Wakongomani zaidi ya 150 waliuawa kambini, wengi wao wanawake na watoto. Mtoto wa miaka miwili alikuwa amemkosea nani?

Tukiongea jioni, wazee wetu husema: ndiyo bahati yetu, imeandikwa. Tunawaelewa, neno hilo limewasaidia kupata usingizi. Vijana wanakataa: hapana, ni watu wanafanya haya. Ndani ya mchezo, Cassius naye anamwambia Brutus tusilaumu nyota, tujilaumu wenyewe. Anasema kweli. Lakini angalieni vizuri: kweli hiyo anaitumia kumvuta mwenzake akaue. Kwa hiyo kusema tunajiamulia wenyewe haitoshi. Tunaamua nini?

Sisi tunaona hivi. Kukimbia nchi hatukuchagua. Lakini kumchukia mtoto wa jirani kwa sababu ya jina la baba yake, hiyo tunachagua, tena kila siku. Wale waliomuua Cinna hawakuzaliwa wauaji. Pengine angetosha mtu mmoja kusema: ngojeni kwanza, huyu amefanya nini? Hakuna aliyesema.

Basi wazazi, mtoto akirudi nyumbani na neno baya juu ya "wale", tusicheke na tusinyamaze. Tumuulize: wale ni nani hasa? Nani kati yao amekukosea? Na sisi wakubwa, maneno yakianza kupanda kwenye foleni ya maji ama ya chakula, tuwe yule mmoja wa kusema ngojeni kwanza. Ni kazi ndogo, haina mshahara, lakini kuna mtu ataishi kwa sababu yake.

Tukutane mwezi ujao. Mbaki na amani.