Jua Lipo, Sisi Tumo Ndani

Julai hapa Wundanyi ukungu huweza kukaa hadi saa sita mchana. Msafiri aliyepanda matatu Voi akitokwa jasho huanza kutafuta sweta akishapita Mwatate. Watoto wachanga hufunikwa gubigubi: fulana, sweta, kofia ya sufu, leso, blanketi juu yake. Mwambie mama amtoe mtoto aote jua, atakuuliza, "Jua lipi?"

Ana haki ya kuuliza. Tunachotafuta juani ni vitamini D, ambayo hutengenezwa na mwili wenyewe miale ya jua inapopiga ngozi iliyo wazi, kisha ini na figo humalizia kazi. Ikipungua, utumbo haufyonzi kalsiamu ipasavyo, mifupa ya mtoto inalainika na miguu inapinda, ndiyo matege. Maziwa ya mama, kwa ubora wake wote, hayana vitamini hii ya kutosha.

Nyanya zetu husema jua la asubuhi ni dawa. Nawaheshimu, lakini jua la saa moja huja kimshazari na miale inayohitajika huishia angani. Kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi inapata kidogo mno. Mbona basi watoto wao walisimama imara? Nadhani ni kwa sababu jua halikuishia mlangoni. Mama alishika jembe akaenda shambani na mtoto mgongoni, saa nne ikawakuta huko, saa nane pia. Sisi tumerithi usia, tukaacha maisha yaliyoufanya ufae. Na si usia huu tu. Mengi tunayowasifia wazee yalikaa zaidi katika shughuli zao za kila siku kuliko katika maneno yao.

Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya vitamini D katika damu ya Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya maradufu ya 50 ambayo wataalamu wengi huona inatosha. Ngozi yao nyeusi kama yetu, ngozi ambayo huhitaji muda mrefu zaidi juani, na jua lao ndilo hili hili letu. Ila wao hushinda nje. Karani wa Voi hushinda karibu na dirisha akipigwa na joto, na kioo kimeshaizuia miale yenyewe. Wanawake wengi wa nchi za Ghuba, kwenye jua kali, hupungukiwa vivyo hivyo, kwa kuwa jua haliifikii ngozi yao.

Kwa hiyo mama wa Wundanyi asihangaike na alfajiri. Ukungu ukiinuka, hata kama ni saa saba na ana vyombo vya kuosha, amweke mtoto karibu naye uani, amvue soksi na kofia kwa dakika chache, asimwache aungue. Mtoto mkubwa apewe omena, aitafune na mifupa yake apate kalsiamu. Na mtoto akichelewa kutembea, au vifundo vya mikono vikivimba, ampeleke kliniki. Matone ya vitamini D yapo, na ukungu hauyazuii.