Pembe za Baiskeli na Upepo wa Mlolongo

Kuna makanga mmoja wa steji ya Mlolongo ananiita Pasta. Si kwa sababu ya maadili yangu. Ni vile jioni nikipita pale nimeinama, viwiko vimelala juu ya usukani na mikono imeungana mbele ya uso, naonekana kama mtu anayeombea barabara. "Pasta, tukumbuke na sisi!" Huwa nacheka tu, juu pumzi ya kujibu sina.

Hizo pembe watu wa mbio wanaziita eroba. Ni vyuma viwili vinavyotoka mbele katikati ya usukani, na nyuma yake vina visahani vya sponji vya kulaza mikono. Zilipata jina mwaka 1989, siku ya mwisho ya Tour de France. Greg LeMond wa Marekani alikuwa nyuma ya Laurent Fignon wa Ufaransa kwa sekunde 50, na zilikuwa zimebaki kilomita 24.5 za kukimbizana na saa kutoka Versailles hadi Paris. LeMond alifunga pembe, Fignon hakufunga. LeMond akabeba Tour nzima kwa sekunde 8. Tangu siku hiyo kila mtu anajua hiki ni kifaa cha watu wenye haraka na miguu iliyonyolewa.

Mimi sasa. Baiskeli yangu ni ya safari, ya chuma, mtumba, ina madigadi, keria na mabegi mawili pembeni yenye laptopu, chaja, kamera na chakula cha mchana. Nzito kama deni. Rafiki yangu alipoona pembe aliniuliza kama nimefunga spoila kwa mkokoteni. Wacha nijitetee.

Naishi Kitengela na nahariri vidio South B, karibu kilomita 30 kwenda. Nilianza kuendesha baiskeli juu ya nauli, sitadanganya ati ni afya. Asubuhi ni raha: hewa imelala, na kama inasukuma, inanisukuma mgongoni. Shida ni jioni. Upepo wa huku unatoka mashariki karibu mwaka mzima, ukiegemea kaskazini kuelekea Desemba na kusini katikati ya mwaka, na jua likishachemsha ardhi mchana, kufika saa kumi upepo umeamka kabisa. Ukitoka Mlolongo kwenda Athi River unaelekea kusini mashariki, kwa hivyo unaenda kuupokea usoni. Hakuna majumba ya kukukinga tena. Ni uwanda, vumbi la mawe na malori.

Kabla ya pembe nilikuwa nafika nyumbani nimekufa. Na kazi yangu inayolipa iko usiku, ile ya wateja wangu binafsi. Nilipoteza mteja mmoja kwa sababu nililala na viatu juu ya kitanda, vidio yake ikiwa nusu. Hapo ndipo nilianza kuchukia upepo kama mtu.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Nilikuwa nasomea uhandisi, na kuna somo moja la mwendo wa maji na hewa nililianguka mara mbili. Karo ilikuwa imekwama, pesa kidogo za vidio zilikuwa zinaingia, nikajiambia naenda kutafuta kisha nitarudi. Sijarudi. Baba yangu aliuza ng'ombe wawili kwa hiyo karo na hajawahi kunitajia hata siku moja. Afadhali angetaja. Naleta hii stori kwa sababu hesabu iliyonifanya ninunue pembe ilitoka kwa daftari la lile somo nililoanguka.

Iko hivi. Nguvu ambayo hewa inakurudisha nyuma inapanda kwa mraba wa kasi yako dhidi ya hewa yenyewe, si dhidi ya lami. Siku tulivu ukienda kilomita 20 kwa saa, hewa inakugonga kwa 20. Ukienda 20 hiyo hiyo na upepo wa 20 unatoka mbele, hewa inakugonga kwa 40. Kasi mara mbili, nguvu mara nne. Yaani hewa inadai miguu yako mara nne, na bado punda anaweza kukufuata. Na kinachogongwa zaidi si baiskeli, ni wewe: kifua, mabega, mikono iliyotanuka kama unakaribisha wageni.

Kwa hivyo ukiniambia pembe ni za watu wanaoenda 40, nakubali. Mtu wa mbio anainama kwa sababu anaenda 40. Mimi nainama kwa sababu upepo unanijia kana kwamba naenda 40.

"Si uiname tu kwa usukani wa kawaida?" Nilijaribu. Dakika kumi ni sawa. Nusu saa, mgongo unalia, na kwa vile uzito wote uko kwenye viganja, kidole cha mwisho na cha pete vinakufa ganzi. Hivyo vidole ndivyo vinashika kibodi usiku. Pembe zinahamisha uzito kutoka viganja hadi mikono kati ya kiwiko na kiganja, mfupa unabeba, vidole vinapumzika. Kwangu hiyo peke yake ilitosha kulipa bei, shilingi 3,500 za mtumba.

Kufunga kulikuwa na vituko. Usukani wangu ni wa zamani, mwembamba, na vibano vya pembe ni vya usukani mnene. Fundi akakata mkebe wa soda, akazungusha, akakaza, akaniambia nenda na Mungu. Wiki ya kwanza nikagonga bampa na pembe zikazunguka zikaangalia chini pamoja na mimi. Usifanye hivyo. Tafuta pete za chuma za saizi yako. Pia sikuziweka chini kama za LeMond. Visahani vyangu viko juu kuliko usukani, kwa sababu nataka kuona lori, na shingo yangu si ya Ufaransa.

Muda? Kutoka Mlolongo hadi kona ya Athi River naokoa dakika tano hivi siku ya upepo. Si kitu cha kupigia kelele. Kitu cha kupigia kelele ni kwamba nafika na macho bado yamefunguka.

Lakini kuna sehemu sizigusi, na hii sikuisoma popote, nilifunzwa. Ukikunja kona ya Athi River kushika Namanga Road unageuka kuelekea kusini, kwa hivyo upepo unahama kutoka uso hadi ubavu wa kushoto. Sisi tunaendesha kushoto. Maana yake upepo unakusukuma kuelekea magari. Siku moja nilisahau kuinuka. Lori la mchanga likanipita, likavuruga upepo kwa sekunde moja, likaisha, na upepo ukarudi wote mara moja kwenye mabegi. Viwiko vikiwa pamoja huna nguvu ya kupinda usukani, na breki ziko mbali. Ukiwa na 25 kwa saa, ile sekunde ya kurudisha mikono kwa breki ni karibu mita saba. Nilihama kama mita moja na nusu kabla nishike kitu. Matatu iliyokuwa nyuma ikapiga honi ndefu na kupita, sijui kwa neema ya nani. Nilishuka nikasukuma mpaka Kitengela, magoti yakitetemeka, nikiwaza nani angempigia baba simu na angeanzia wapi.

Sasa nina sheria moja. Pembe ni za kati ya Mlolongo na kona, pale bega la barabara ni pana, upepo wa mbele, hakuna steji. Kona nikiiona, nimeinuka. Steji nikiiona, nimeinuka, hata kama Pasta anaitwa.

Baba alikuja kunitembelea Agosti. Alizunguka baiskeli polepole, mikono nyuma, vile anavyokagua ng'ombe sokoni. Yeye alibeba maziwa miaka mingi na Black Mamba. Nikamweleza upepo, mraba, mara nne. Akalaza mikono yake kwa visahani, akanyamaza.

"Sisi tulikuwa tunalaza hivi hivi," akasema, "kwa chuma chenyewe. Upepo wa kutoka mtoni."

"Ndio, Baba. Ni hiyo hiyo."

"Na hii hesabu walikufunza kule chuo?"

"Walinifunza."

"Ukapita?"

"Hapana."

Alicheka mpaka akakohoa, akajipangusa macho na kofia. Halafu akauliza kama kiti kinaweza kushuka kidogo.