Hasi 127

Chuoni mimi nilikuwa bingwa wa kukariri. Niulize nani alilitunga jina "Intaneti ya Vitu": Kevin Ashton, 1999! Arduino je? Italia, 2005, ili wanafunzi wajifunze kwa kutengeneza. Mtihani nikapasua A. Lakini waya kwa waya sikuwahi kuunganisha.

Mwaka wa tatu akaja mwalimu mpya. Akafuta ubao: "Kila mtu aende likizo na vifaa, atatue shida moja ya kwao."

Kwetu ni kijijini, njiani kati ya Kasulu na Kibondo. Baba anafuga nyuki. Boom likichelewa, asali ndiyo iliyonilisha. Basi nikatia kihisi joto, DS18B20, ndani ya mzinga wa gogo. Nje nikaweka kompyuta ndogo kama kiberiti, betri na laini ya simu. Kila saa meseji iende kwa baba. Jamani, nilijiona!

Meseji ya kwanza: joto, nyuzi −127.

Baba akaisoma mara mbili. "Mwanangu, nyuki wangu wameganda?"

Majirani wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Nikajua anahesabu madumu yaliyoliwa na ada.

Usiku kucha nikapekua programu mstari kwa mstari. Haina kosa. Asubuhi bodaboda, Kasulu mjini, kwa fundi redio. Akatazama kazi yangu, akaguna.

"Kijana, hapa umebandika, hujalehemu. Pasha waya kwanza, lehemu itayeyuka yenyewe."

Nikaharibu mara tatu, ya nne ikashika. Ndipo nikaelewa: −127 si joto. Ndiyo namba inayotolewa na programu ikimwita kihisi asiitike. Kumbe muda wote ilikuwa inanililia: waya umeachia!

Jioni tukafuka moshi, tukarudisha kihisi, tukasubiri. Meseji: 34.6.

"Hilo ni kama joto la nini?" baba akauliza.

"La mwili wa mtu, chini kidogo."

"Basi humo wana watoto. Nikitia mkono huwa nasikia hivyohivyo."

Nikaduwaa. Vitabu vinasema hivyo: nyuki wanapolea watoto hushikilia nyuzi 34 hadi 35.

Ada hakuitaja tena.

Siku hizi nawaelekeza wadogo zangu chuoni. Siku ya kwanza hatuandiki kitu. Nawapa kihisi chenye waya ulioachia, inatokea −127, nawauliza: inasema nini?